Kiungo na Mazulia Yake

Kwa miaka saba, kila Jumapili asubuhi, nilimpakia garini mtu ambaye ikifika mchana aliniambia mbele ya wenzangu kwamba sijui kucheza mpira. Tulimwita Kiungo. Hiyo ndiyo nafasi aliyocheza, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kama angependa jina jingine. Alitupita umri kwa miaka kumi hivi, lakini ukimwita "mzee" uwanjani ulipelekwa ukutani. Habari za ukuta nitazieleza.

Alizaliwa wapi, sijui. Tukishinda, Wazanzibari walisema ni wao, na watu wa bara wakaapa kwamba alisomea Tanga. Tukifungwa, kila upande uliwaachia wenzao. Yeye mwenyewe hakutusaidia. Alichokuwa tayari kukisema ni kimoja: alikuwa amecheza mpira wa kulipwa Marekani, misimu sita, ndani ya nyumba.

"Ndani ya nyumba?" Katibu aliuliza siku ya kwanza. Katibu alikuwa Mpemba mwembamba, karani wa manispaa, ambaye ndiye aliyetukodia ukumbi wa michezo kule Barking, mashariki ya London, na ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko sote. "Mpira wa chumbani huo, bwana weye! Na refa alikuwa nani, mkeo?"

Tulicheka mpaka kipa wetu, nesi mnene mwenye roho nzuri, akaegemea goli likaanguka. Kiungo hakucheka. Alieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Uwanja ni ule wa magongo ya barafuni. Barafu hufunikwa kwa mbao, na juu ya mbao hutandikwa zulia la kijani. Wachezaji ni sita kila upande. Pembeni hakuna mstari, kuna ukuta, na mpira ukigonga ukuta mchezo unaendelea. Unaingia, unakimbia dakika mbili kama mtu anayefukuzwa, unatoka, mwingine anaingia. Ukimchezea mwenzako vibaya unafungiwa kibandani dakika mbili, watu wakuzomee. Na baridi ya ile barafu unaisikia kwenye nyayo mchezo mzima.

"Na watu wanalipa kuja kutazama hayo?"

"Wanalipa. Na wanakula soseji."

Picha hakuwa nayo hata moja. Ushahidi wake ulikuwa kovu. Ukimbishia sana alishusha kidogo ukingo wa suruali, akakuonyesha kwenye nyonga kipande cha ngozi kinachong'aa, kipana kama kiganja, mahali ambapo zulia lilimchuna kila alipoanguka, likamchuna tena kabla hajapona. Alilionyesha harusini Tottenham, kwenye foleni ya pilau. Alimwonyesha imamu. Katibu alisema lile ni kovu la pasi ya nguo, na kwamba mke wa Marekani ndiye aliyelipiga.

Ninayaandika haya nikijua kwamba nilicheka kuliko wengi. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu, nilikuwa na shahada mbili, na nilikuwa mchezaji mbaya kuliko wote waliokuwa na viatu. Kumcheka Kiungo ilikuwa nafasi pekee niliyoweza kuicheza vizuri.

Maisha yake yote yalikwenda kwa zamu za dakika mbili. Akikutembelea alikunywa chai akiwa amesimama, akasema lililomleta, akaondoka kikombe kikiwa bado kinatoa moshi. Hospitalini alimwona mgonjwa, akamwambia "umekonda", akatoka. Mke wangu alisema ni mtu anayeishi kama anayesubiri kuitwa nje na kocha. Nadhani alisema kweli, ingawa wakati huo hatukujua kweli yenyewe ilikuwa na uzito gani.

Kazi aliyoipata London ilikuwa ya kutandika mazulia. Alikuja miaka ya tisini mwanzoni akidhani kwamba mji unaopenda mpira kiasi hiki hautakosa nafasi ya mtu aliyeucheza kwa mshahara. Klabu mbili zilimsikiliza, zikamuuliza ukuta unahusiana nini na mpira. Basi akaingia kwa mwenye duka mmoja wa Peckham, akawa fundi. Fundi wa mazulia ana chombo cha chuma chenye meno upande mmoja na mto upande wa pili. Meno yanang'ata zulia, naye anaupiga ule mto kwa goti ili zulia livutike mpaka ukutani. Anapiga mara mia kwa chumba kimoja. Zulia la Marekani lilimchuna ngozi, na la London likamla goti. Maneno hayo ni yake, si yangu, na aliyasema bila kutafuta huruma ya mtu.

Tulichokiogopa zaidi kwake ni kusomewa.

Mchezo ukiisha tuliketi kwenye benchi refu tukila machungwa, na Kiungo alisimama mbele yetu na kiatu kimoja mkononi. Kisha alituhukumu, mmoja mmoja, kuanzia kulia. Hakuruka mtu, na hakusema neno jema ila kwa bahati mbaya.

"Kipa, unadaka mpira kama unayepokea mtoto wa jirani. Kwa heshima, lakini hutaki akae."

"Katibu, unakimbia sana. Hata basi linakimbia, lakini lile lina abiria."

"Profesa." Huyo ni mimi, na jina lenyewe lilikuwa tusi. "Mpira ukija kwako unaupokea kama barua ya uhamiaji. Mikono inatetemeka kabla hujaifungua."

Siku ya kwanza unacheka. Siku ya kumi, ukiwa umeamka saa kumi na moja kila siku ya wiki kwenda kuogesha wazee wa watu, au umekaa ofisini na bosi anayekuita kwa jina la Mwafrika mwingine, hucheki tena. Mwanafunzi mmoja wa Dodoma, kijana mpole aliyekuja kwetu akitafuta watu wa kuongea nao Kiswahili, alimwita Kiungo "mzee wangu" kwa adabu za kwao. Kiungo akamgeuza akatazama ukuta. Saa nzima yule kijana alipiga mpira ukutani na kuupokea, kupiga na kupokea, sisi tukicheza nyuma ya mgongo wake.

"Mpaka lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Mpaka ukuta ukuzoee."

Hakurudi tena. Mmoja wetu alikutana naye mwaka uliofuata kwenye basi, akajifanya amelala.

Kiungo aliupenda ukuta kupita watu. Alisema ni mchezaji mwenza pekee asiyeamka vibaya. Pale Barking ukumbi ulikuwa wa matofali yaliyopakwa rangi ya maziwa, na aliijua tabia ya kila tofali. Karibu na mlango mpira ulirudi mfu, chini ya saa ulirudi kwa kasi. Alikuwa akikupa pasi bila kukutazama, mpira ukaenda ukutani mahali usipopategemea, ukakuta tayari uko mguuni mwako. Kwa nusu dakika ulijiona mchezaji. Hapo ndipo nilipoamini habari za Marekani, ingawa sikumwambia mtu, kwa sababu mzaha wetu wote ulisimama juu ya kutoamini.

Na kuna siku moja ambayo siwezi kuiingiza mahali popote katika picha hii. Mama yake Kipa alifariki nyumbani Tanga, na Kipa akasoma khitma kwenye fleti yake ya vyumba viwili, sakafu tupu. Watu walianza kufika wakakuta Kiungo ameshatangulia tangu alfajiri. Alileta mabaki ya mazulia kutoka dukani, akayakata na kuyaunganisha, vyumba vyote viwili na ukumbi mpaka mlangoni, rangi saba tofauti, ili watu wapate pa kukaa. Hakutaka asante. Alipiga goti la mwisho, akakusanya visu vyake, akamshika Kipa bega.

"Pole sana," alisema. "Lakini lile goli la Jumapili usilisingizie msiba."

Sasa nije kwenye gari. Nilikuwa nikiishi Lewisham, yeye Peckham, na kila Jumapili alinisubiri mbele ya saluni moja ya nywele akiwa na begi lake, tayari amevaa soksi za mpira. Jumapili moja tulikwama kwenye foleni baada ya kutoka kwenye handaki la chini ya Mto Thames. Mvua, magari hayasogei. Nikamuuliza, kwa kujaza kimya tu, Marekani aliondokaje.

Akaniambia. Alifika uwanjani asubuhi kama siku zote. Kwenye chumba cha kuvalia kila mchezaji alikuwa na msumari wake wa kutundikia nguo, na juu ya msumari utepe wenye jina. Kwenye msumari wake utepe ulikuwa na jina la mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu, si kocha wala mwenye timu. Akasimama na begi lake mlangoni.

"Wenzangu wote walikuwa mle ndani," alisema. "Misimu sita nimecheza nao. Unajua walifanya nini? Waliinama wakafunga kamba za viatu. Wote, kwa pamoja. Sijapata kuona watu wanafunga kamba muda mrefu vile."

Vifuta mvua vilikwenda na kurudi.

"Profesa, mimi sitaki hisani. Najua goti langu. Siku mkinichoka, aniambie mtu usoni. Hilo tu. Usoni, kama ninavyowaambia mimi."

"Nitakuambia mimi mwenyewe," nilisema. Nilikuwa nikitazama kioo, natafuta upenyo wa kuhamia mstari wa kulia. Lakini nilisema, na alinisikia, na alitingisha kichwa kama mtu aliyekabidhi begi zito kwa mwenzake.

Baada ya hapo ilipita miaka mitatu. Goti lilikwisha kabisa. Kiungo alisimama katikati ya ukumbi kama nguzo, akatoa pasi zilizowakuta wanaume wamekwisha kupita, akatupigia kelele. Ulimi haukupungua kasi. Na mashindano ya Idi yalikuwa yanakaribia, sisi dhidi ya Wakenya, ambao walikuwa na vijana waliozaliwa hapa hapa na mapafu ya farasi.

Mpango ulikuwa wa Katibu. Alituita kwake, chai na mandazi, watu wanane pamoja naye, kila mtu isipokuwa mmoja.

"Mie sitaki kugombana na mtu," alisema. "Kuna viwanja vipya Tottenham, nyasi bandia, nyavu pande zote. Tunahamia. Hatumfukuzi mtu. Tunahama tu."

"Na Kiungo?" aliuliza Kipa.

"Kiungo atajua."

"Nani atamwambia?"

Katibu alimimina chai. Watu saba wakatazama mandazi. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kazi ile ina mwenyewe, ila mimi. Ningefungua mdomo wangu wenye shahada mbili nikasema: nimemwahidi, nitamwambia. Badala yake niliomba sukari.

Ijumaa nikampigia simu Kiungo. Nilimwambia gari limeharibika, atangulie Barking kwa treni, tutakutana hapo. Gari lilikuwa zima. Siku hiyo asubuhi nilikuwa nimeliosha.

Jumapili sisi tulikuwa Tottenham. Nyavu hazirudishi mpira, zinaumeza tu. Tulicheza kama watu walioibiwa kitu, na mwisho wa mchezo tulikaa tukala machungwa, na hakuna aliyesimama mbele yetu. Tuliona raha sana. Katibu aliigiza sauti ya Kiungo, akatusomea sote, tukacheka hadi machozi. Wiki ya pili aliigiza tena, na haikuchekesha sana.

Baada ya mwezi, mlinzi wa ukumbi wa Barking alimpigia Katibu kumuuliza kama tumesahau kitu. Maana kuna mtu wetu anakuja. Ukumbi wamepewa akina mama wa mpira wa vinyoya, lakini yule bwana anafika saa nne kamili, anavaa viatu, anakaa kwenye benchi la koridoni mpaka saa sita, anavua viatu, anaondoka. Jumapili nne mfululizo.

Katibu alitueleza habari hiyo pale Tottenham tukiwa tunajiandaa. Alianza kuieleza kama mzaha, na katikati ya maneno mzaha ukamfia mdomoni. Niliinama nikafunga kamba za viatu. Nilipoinua kichwa niliona migongo saba.

Kiungo alikuwa amejua tangu Jumapili ya kwanza, bila shaka. Mtu akikuta mabibi wanapiga vinyoya kwenye ukumbi wake hahitaji barua. Alikuja hizo nyingine tatu kumngoja mtu mmoja aje amwambie.

Wakenya walitufunga mabao saba. Timu ilidumu mwaka mmoja zaidi, kisha ikafa kama zinavyokufa timu zetu, kwa harusi, zamu za usiku na migongo. Peckham nilijifunza njia nyingine, isiyopita mbele ya saluni.

Miaka ikapita. Tukanunua nyumba ndogo Barking, na mama mkwe akawa anakuja kutoka Zanzibar, na mke wangu akasema mama yake hatakanyaga lile zulia tulilolikuta. Nikamuuliza Kipa kama anamjua fundi.

"Fundi wetu kabisa," alisema Kipa, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho nilidhani ni mafua. "Namba hii hapa. Usiulize jina, waambie nimekutuma mimi. Na toeni vitu vyote nje mapema."

Nilipiga, akapokea msichana wa dukani, tukapatana Alhamisi. Alhamisi tukatoa kochi, meza na kabati la vitabu tukaviweka kwenye bustani ya nyuma. Kengele ikalia. Nikafungua mlango.

Alitazama miguu yangu kwanza.

"Profesa. Umenenepa upande wa kushoto, ule usioutumia."

Mvi zilikuwa zimemjaa. Alibeba bunda la zulia begani kama mtu asiye na goti bovu, akaingia, akamwamkia mke wangu vizuri. Alichana zulia la zamani, akalikunja, akalitupa nje. Sakafu ikabaki mbao tupu na misumari. Halafu akaketi juu ya bunda jipya, akakunja mikono.

"Haya," alisema. "Niambie."

"Nikuambie nini?"

"Unakijua."

Nje matone ya kwanza yalianza kuanguka. Mke wangu alichungulia kutoka jikoni.

"Baba Salma, mwambie fundi anachotaka. Kochi linalowa!"

Nikakohoa. "Kiungo, unajua, wakati ule hali ya timu, na mambo ya ukumbi, na Katibu naye..."

"Umepiga ukutani," alisema. "Mimi nimesema usoni. Rudia."

"Ulikuwa umechoka. Goti lilikuwa..."

"Unatazama wapi? Mtazame unayempa. Rudia."

Sasa ilikuwa mvua kamili. Nilimsikia mke wangu akiburuta meza peke yake na kulaani ukoo wangu kwa jina. Nikamtazama Kiungo. Nilikuwa sijawahi kumtazama; siku zote mtu alitazama kiatu alichokishika. Macho yake yalikuwa ya kawaida kabisa.

"Kiungo," nilisema, "tulikuchoka. Hatukukutaka tena kwenye timu. Nilikuahidi nitakuambia, nikakuogopa, nikakudanganya habari ya gari."

Kifua chake kilishuka kidogo, kama alivyokuwa akiupokea mpira wa juu na kuuweka chini bila sauti.

"Sawa," alisema. "Nimesikia."

Akapiga magoti. Kwa muda wa saa mbili alifanya kazi, na kila alipoupiga ule mto kwa goti alitoa sauti ndogo puani, na mimi nilisimama mlangoni nikaisikia kila moja. Sikumwona akilipumzisha. Mazulia hayatandikwi vizuri zaidi ya lile. Alipomaliza alikunywa chai akiwa amesimama, kikombe kikitoa moshi. Nilidhani sasa tumesameheana, nikaanza kutabasamu.

"Na mimi nikuambie usoni," alisema. "Miaka saba ulidhani unacheza. Nilikuweka kwenye timu kwa sababu ya gari."

Mke wangu alicheka jikoni. Bado huwa anacheka.

Mlangoni nilimuuliza, maana swali lilikuwa linanikaa rohoni, kama wengine nao amewapata.

"Kipa alikuwa wa kwanza. Alilia, akasema vizuri mara moja tu. Wewe ni wa saba." Akaweka kisu kwenye begi. "Umesema vibaya kuliko wote."

Basi walikuwa wamejua, sita wote. Kila mmoja alikuwa amekaa kwenye sakafu yake tupu na akasema, na kila mmoja akanyamaza, akaniacha nitoe kochi langu nje mwenyewe. Nilikasirika kwa siku tatu. Siku ya nne simu ililia. Alikuwa Katibu.

"Profesa! Nasikia nyumba yako imependeza. Mie nami nimehamia kwangu, sakafu haitazamiki. Hebu n'ambie, fundi wako nani?"

Nilifikiri kumwambia. Nina hakika kabisa kwamba nilifikiri.

"Fundi wetu kabisa," nilisema. "Usiulize jina, waambie nimekutuma mimi."

"Kuna la kujiandaa?"

Nilisogeza pazia nikatazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika juu ya Barking.

"Toeni vitu vyote nje," nikamwambia. "Mapema."